Kumfundisha Kilebu Asiume Watu

 Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ameshika daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu haya: kilebu, ufizi, chonge. Nangoja kidogo.

Haya. Kilebu ni mtoto wa mbwa. Wengi wetu tumezoea kusema mtoto wa mbwa, wala si kosa, lakini neno moja ni rahisi kuandika kuliko matatu. Ufizi ni nyama ile inayoshika meno. Chonge ni lile jino lenye ncha lililo kando ya meno ya mbele. Mtu anazo chonge nne, na mbwa anazo nne, lakini za mbwa ndizo kali.

Somo letu la leo ni jinsi ya kumfundisha kilebu asiume watu. Huenda mzee mmoja hapo nyuma anacheka na kusema, "Je, tumekuja kusoma, au tumekuja kulea mbwa?" Mzee wangu, nivumilie. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye achezaye na mbwa chini, uso kwa uso. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumba zetu.

Tuseme jirani amekupa kilebu ili akikua alinde nyumba na mbuzi. Umemleta nyumbani, watoto wamefurahi, wamempa jina. Siku ya tatu watoto wana michubuko mikononi. Siku ya nne upindo wa kanga ya mama umechanika. Siku ya tano baba amekanyaga uani kwenda kunawa uso, na kilebu amemrukia kifundo cha mguu. Basi watu huanza kusema, "Mbwa huyu ni mkali, ana roho mbaya." Je, ni kweli?

Si kweli. Kilebu hana mikono. Sisi tukitaka kujua kitu ni kigumu au laini, twakishika. Yeye hukitia mdomoni. Tena hucheza kwa mdomo, na humwita mwenziwe kucheza kwa mdomo. Kilebu akikuuma kidole, mara nyingi maana yake ni, "Njoo tucheze." Shida ni kwamba meno yake ni kama sindano.

Tuyatazame meno hayo. Kilebu huzaliwa hana jino hata moja. Afikapo wiki tatu hivi, meno ya utoto huanza kutoka, na yote yakiisha kutoka huwa 28. Mtoto wa mtu ana meno ya utoto 20, basi kilebu amemzidi kwa 8. Afikapo miezi minne hivi meno hayo huanza kung'oka, na afikapo miezi sita au saba huwa na meno ya ukubwani, 42. Mtu mzima ana 32. Wanaojifunza hesabu watoe 32 katika 42, watajua mbwa ametuzidi kwa meno mangapi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwalimu wa kwanza wa kilebu si mimi wala si ninyi. Ni mama yake. Vilebu wakiwa wadogo sana hunyonya bila taabu. Meno yakiisha kutoka, humbana mama kwenye matiti. Mama hufanya nini? Pengine hunguruma kidogo. Lakini zaidi ya hapo, husimama akaenda zake. Maziwa yamekwenda pamoja naye. Vilebu hubaki wametazamana.

Mwalimu wa pili ni ndugu zake. Vilebu wawili hugaagaa mchangani, huyu kamshika huyu sikio. Akimbana mno, mwenziwe hulia "Wii!" akaacha kucheza. Yule aliyeuma hubaki peke yake. Muda kidogo wanarudiana, naye safari hii hubana polepole, kwa sababu anataka mchezo uendelee. Hufanya hivyo mara nyingi kila siku, na kila siku hujifunza kipimo cha meno yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, desturi ya kumchukua kilebu wa wiki nne au tano, akatiwa katika kikapu na kupelekwa kijiji cha pili, haifai. Huko ni kumtoa shuleni kabla hajajua a, e, i, o, u. Mwacheni kwa mama yake mpaka atimize wiki nane. Mkimpata mapema kwa sababu mama yake amekufa, itakubidi wewe uwe mama, na wewe uwe ndugu zake. Kazi itakuwa kubwa zaidi, lakini yawezekana.

Basi sisi tutafanya kama mama yake afanyavyo. Tutaondoa kile anachokitaka. Nacho ni mchezo na sisi wenyewe.

Nitaeleza taratibu. Unacheza na kilebu. Meno yake yamegusa ngozi yako kwa nguvu. Usiuvute mkono. Najua ni vigumu, maana mwili wenyewe hutaka kuuvuta, lakini ukiuvuta, yeye huona mkono umekuwa panya anayekimbia, naye atauandama. Mkono na ufe hapo hapo, usitikisike. Sema neno moja kwa sauti ya kawaida. Mimi napenda neno "Basi", kwa kuwa ni fupi na kila mtu nyumbani alijua. Akiachia, simama, mgeuzie mgongo, kunja mikono, hesabu moja mpaka ishirini. Usimtazame wala usiseme naye. Ukiisha kuhesabu, rudi ucheze naye kwa utulivu.

Atauma tena. Hapana shaka atauma tena. Fanya vile vile. Akiuma mara ya tatu, ondoka kabisa, ingia ndani ufunge mlango kwa muda wa dakika moja. Isiwe nusu saa, maana kilebu hawezi kukumbuka kwa nini umeondoka. Ukifanya hivyo siku baada ya siku, kilebu ataanza kuona jambo moja: meno yakigusa mtu kwa nguvu, mchezo hufa.

Nimesema "kwa nguvu", na nina sababu. Msianze kwa kumkataza kila kitu siku moja. Kwanza mkatazeni kule kuuma kunakoumiza. Baada ya wiki moja au mbili mtaona anabana polepole zaidi. Hapo sasa mkatazeni na kule kubana kidogo. Mwisho, meno yasiguse ngozi kabisa. Twafanya hatua kwa hatua kwa sababu twataka ajue nguvu za taya lake. Huenda akiwa mkubwa mtu atamkanyaga mkia gizani, naye atageuka kwa ghafula. Mbwa aliyejifunza kipimo atagusa tu na kuachia. Yule asiyejifunza atatoboa mguu.

Wengine hufundisha kwamba mtu akiumwa na kilebu alie "Ai!" kama alivyolia ndugu yake. Jaribuni. Kwa baadhi ya vilebu husaidia sana. Wengine wakisikia ukelele hupata wazimu wa furaha na kuuma zaidi. Kama wako ni wa namna hii, nyamaza, tumia ule utulivu wa mkono uliokufa.

Tena msisahau kumsifu. Akiufunga mdomo wake, au akikuramba badala ya kuuma, mwambie "Vyema!" kwa sauti ya furaha, umpe kipande kidogo cha ugali au dagaa mmoja. Twajua sana kukemea, kusifu twasahau. Kilebu lazima aambiwe lipi ulipendalo, si lile ulichukialo tu.

Hapa naona mkono wa mama mmoja umeinuliwa. "Je, na mwanangu wa miaka mitatu naye ahesabu ishirini?" La, mama. Mtoto mdogo hawezi kumfundisha mbwa, wala asiachwe na mbwa peke yao, hata akiwa kilebu, hata akiwa mpole. Mtu mzima awepo karibu. Watoto wakubwa kidogo wafundisheni jambo moja: kilebu akiwarukia, wasikimbie na wasipige kelele. Wasimame wima kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho yatazame chini. Mti haukimbii, na mbwa huchoka upesi kucheza na mti. Fanyeni mazoezi pasipo mbwa kwanza. Watoto hupenda sana mchezo huu.

Jambo jingine ni kumpa kitu cha kutafuna. Huwezi kumwambia kilebu asitafune kitu chochote, hasa kati ya mwezi wa nne na wa saba, wakati ufizi unamwasha kwa sababu ya meno mapya. Chukueni kanga kuukuu, ichaneni vipande vitatu, visukeni kama msukavyo nywele, kisha fungeni fundo kubwa kila mwisho. Hiyo ni kamba yake. Ilowesheni kwa maji ya baridi, ufizi utapoa. Mtu akitaka kucheza naye, ashike kamba, asitumie vidole. Kilebu akielekea mkononi, mpe kamba mdomoni. Kamba ikianza kutoa nyuzi, itupeni, kwa maana akizimeza nyuzi zaweza kumfunga tumbo.

Msimpe kiatu kikuukuu. Yeye hajui kikuukuu ni kipi na kipya ni kipi, naye Jumapili atakula kile ulichokinunulia sikukuu. Wala msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Hupasuka ikawa na ncha, ikaweza kumchoma koo au tumbo.

Mtazame pia kama amechoka. Kilebu hulala sana, pengine saa 18 katika siku moja. Asipolala huwa kama mtoto mchanga asiyelala: hulia, hukimbia ovyo, huuma kila kitu. Mara nyingi jioni, watoto wakirudi kutoka shule, ndipo anapouma zaidi. Watu husema ameanza ukali. Kumbe ameshikwa-shikwa tangu asubuhi! Mpeni mahali pake penye kivuli, na akiwa amelala watoto wasimwamshe. Tena njaa humfanya asumbue. Kilebu wa miezi miwili au mitatu apewe chakula kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku.

Na kila mtu nyumbani afuate sheria moja. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Mama anasimama na kuhesabu ishirini, watoto wanasimama kama miti, kisha mjomba anakuja jioni, anamgalagaza kilebu kwa mikono, anacheka akiumwa. Kilebu huyo atakuwa na walimu wawili wanaofundisha mambo mawili, naye atamfuata yule mwenye mchezo mtamu zaidi. Mwambieni mjomba kwa adabu ashike kamba.

Wasikilizaji wetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi watakuwa na neno lao hapa. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwao kilebu ajuaye kuweka mdomo wake mbali na watu na nguo zao ni faida kubwa zaidi. Chakula cha kumsifia kiwekwe katika chombo chake au kitupwe chini mbele yake, na kamba iwe ndefu. Kufundisha ni kule kule.

Sasa nije kwenye fimbo. Wengi wetu tulifundishwa kwa fimbo, basi twadhani na mbwa ni hivyo hivyo. Kilebu akiuma, mtu humpiga kofi la pua, au humbana mdomo mpaka alie. Matokeo ni mawili. Kuna kilebu atakayedhani ni mchezo wa nguvu, aume zaidi. Na kuna yule atakayeogopa mkono. Huyo wa pili ndiye wa hatari, kwa sababu mkono ule ule ndio unaompa chakula, ndio unaomfunga kamba, na ndio mtoto atakaounyosha kumpapasa. Mbwa aogopaye mkono huuma mkono. Vilevile msimpige kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni kengele yake ya kuonya. Ukimpiga ataacha kunguruma, lakini hofu itabaki ndani, na siku moja atauma bila kengele.

"Lakini," asema mzee wetu wa nyuma, "mimi namtaka mbwa mkali. Mbwa asiyeuma ni wa kazi gani?" Swali hili ni zuri, nami nataka kulikalia kidogo. Wako watu wanaompa kilebu pilipili ili awe mkali. Wako wanaomfungia katika sanduku la giza mchana kutwa, asione mtu. Pilipili humwasha tumbo tu, haimfundishi lolote. Na lile sanduku je?

Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza habari za jaribio lao. Waliwakuza vilebu katika uwanja wenye ua mrefu, mbali na watu. Baadhi walitolewa mapema wakakaa na watu kidogo, kisha wakarudishwa. Wengine hawakuzoeshwa watu mpaka walipofika wiki 14. Hawa wa mwisho waliwakimbia watu kama wanyama wa porini, na ilikuwa vigumu sana kuwazoesha. Kwa hiyo mbwa wa sandukuni hatakuwa shujaa. Atakuwa mwoga mwenye meno 42. Mwoga hachagui. Atamwuma mgeni wako, mtoto wa jirani aliyeingia kuokota mpira, na muuza maziwa, na mwizi akija na kipande cha nyama huenda akanyamaza.

Kazi ya mlinzi ni kubweka na kuwaamsha wenye nyumba. Mbwa wengi huanza kubwekea wageni wenyewe wanapokua, bila kufundishwa. Tangu wiki ya nane mpaka mwezi wa nne, mwonyesheni watu wa namna nyingi: wazee wenye mikongojo, wanawake wenye mizigo kichwani, watoto, wapanda baiskeli. Akijua mambo ya kawaida yalivyo, ndipo atakapojua lisilo la kawaida saa nane za usiku.

Namna ya kupambanua mchezo na hasira ni hii. Kilebu anayecheza mwili wake ni mlegevu, huinamisha kifua chini na kuinua matako juu, mkia unatikisika. Mwenye hasira au hofu hukakamaa, hukazia macho, huinua mdomo chonge zikaonekana, hasa akiwa na chakula. Huyo msimnyang'anye chakula ili kumjaribu. Piteni mbali, mtupieni kipande kizuri zaidi mkipita, ajue kwamba mtu akija chakula huongezeka. Asipobadilika, mwiteni afisa mifugo, ama Bwana Mifugo kama wazee wasemavyo.

Neno la mwisho ni la kichaa cha mbwa, na hapa sicheki. Kilebu naye aweza kuwa na kichaa na kukiambukiza, hata kama ni mdogo wa kutia kikapuni. Ugonjwa huu hukaa katika mate. Dalili kwa mtu kwa kawaida huonekana baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Lakini kinga ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur wa Ufaransa alipoanza kumchoma sindano Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto yule alipona.

Kwa hiyo mtu akiumwa ngozi ikachubuka, hata kidogo, hata na kilebu wa nyumbani, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Mtazame saa. Msitie pilipili, majani wala mafuta. Kisha nendeni hospitali siku ile ile, na sindano zikianza zimalizwe kama mganga alivyopanga. Mbwa asiuawe na kutupwa. Afungwe mahali salama, atazamwe siku 10, na Bwana Mifugo aambiwe. Lakini msingoje hizo siku 10 ndipo mwende hospitali.

Kilebu huchanjwa kichaa afikapo miezi mitatu, na huchanjwa tena kwa wakati utakaoandikwa katika cheti chake. Chanjo ya kijiji kizima ikija, wapelekeni vilebu wote, hata walio chini ya miezi mitatu. Wengi huachwa nyumbani kwa kudhani ni wadogo mno.

Mwalimu, sasa waulize wanafunzi haya. Mama mbwa hufanya nini akibanwa na meno? Kwa nini tusiuvute mkono? Jeraha huoshwa dakika ngapi? Wakiisha kujibu, kila mmoja aandike neno "kilebu" mara tano. Na wale wenye mbwa nyumbani, juma lijalo leteni cheti cha chanjo darasani, tujifunze kusoma tarehe iliyoandikwa ndani yake.